Deki Iliyosema Nimechoka

Nyumbani kwetu neno "nimechoka" halisemwi, linaimbwa. Dada yangu akija kutusalimia, akitua mkoba mlangoni, analiimba. Shemeji akivua viatu, analiimba. Mie nikirudi shuleni na rundo la madaftari ya kusahihisha, nalivuta kwa madaha, na nikifika kwenye "cho" nalikatisha kidogo, vilevile linavyokatika kwenye CD. Wageni wanashangaa. Sie tunacheka, kisha wote tunamtupia mama jicho, naye anabetua mdomo na kusema yaleyale aliyoanza kuyasema nikiwa kidato cha tatu: "Mimi sikuimba hivyo."

Mama alitoka Iringa akiwa msichana, na miaka yote hii ya Kimara haijamfundisha kusema "mie". Akisema "mimi" ujue ni yeye mzima mzima, na hapo hakuna wa kumyumbisha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka ule kwaya ya kanisani kwetu ilirekodi nyimbo zake kwenye studio moja ya uchochoroni Mwenge. Mama alipewa kuongoza wimbo wa nne. Kwenye ubeti wa tatu kwaya inanyamaza, kinanda kinashuka, anabaki peke yake, na anatakiwa kusema "hata mimi nimeokoka". Watu wengi walichukua kaseti. CD zilichomwa chache, zikaja kutoka studio kwenye mfuko wa rambo bila maganda, zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Yetu ikawekwa kwenye deki, tukakaa sebuleni familia nzima, na ubeti wa tatu ulipofika mama yetu akawatangazia waumini wote, kwa sauti tamu isiyo na wasiwasi: hata mimi nimechoka.

Baba, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akatoka nje. Dada alirudisha wimbo nyuma mara sita. Mama alisema deki ni mbovu, tukamwambia deki haiwezi kutunga neno. Akasema nendeni basi kwa majirani mkasikilize ya kwao. Hakuna aliyekwenda. Utani ulikuwa umeshanoga, nani aende kuuharibu.

Miaka ikapita hivyo. Kisha mama akafanyiwa upasuaji wa goita. Goita ilitoka salama, ila sauti ikabaki ya kukwaruza, na kuimba kukawa ndiyo basi. Kanisani anakaa na kinamama wenzake, kwaya ikianza anachezesha midomo tu. Mie nikimwona namna ile naangalia pembeni. Sauti yake ile ya zamani ikawa imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye ile CD, wimbo wa nne, na CD yenyewe ilikuwa kwa dada, Wazo, kwenye droo moja na vijiko.

Mwaka huu kwaya ikapanga sherehe ya kuwakumbuka waanzilishi. Mwenyekiti wao akaja nyumbani, akaamkia shikamoo, akanywa chai vikombe viwili, ndipo akasema shida yake. Studio ya Mwenge siku hizi ni saluni. Kaseti za watu zimeliwa na unyevu. Wamesikia sie tunayo CD, na wangependa wimbo wa mama upigwe siku hiyo, kanisa zima lisikie.

Niliona uso wa mama ukifunguka, halafu ukajifunga palepale.

"Wimbo ule wa nimechoka?" akasema. "Hapana. Watoto wangu wakicheka, sawa, ni wangu. Kanisa zima, hapana. Mpaka siku neno litakaposikika nililoimba."

Mwenyekiti hakuelewa kitu. Mie nilielewa, na likaniuma, maana mchekaji mkuu ni nani kama si mie. Nikajikuta nasema mbele ya mgeni, "Mama, hilo niachie. Nitatafuta mashine itakayoisoma sawasawa." Nilisema kama mtu anayejua anachokisema. Sherehe ilikuwa imebakiza majuma matatu.

Kwanza nikaenda Wazo kuchukua CD. Vumbi la kule watu wa kule wanalijua, linaingia hata kwenye yai. Dada akaitoa kati ya vijiko, akaikagua kwenye mwanga, akachukua pembe ya kanga yake akaizungusha juu ya CD, raundi na raundi, kwa nguvu zote.

"Niliipakaga na dawa ya meno mwaka juzi," akasema kwa fahari. "Inaziba mikwaruzo."

"Ikaziba?"

"Ikawa inanukia vizuri."

Deki yake ilikuwa imekufa zamani, imewekewa chungu cha maua juu. Kompyuta yangu ya shule nayo ni ya hizi mpya, nyembamba, hata kitundu cha kuingizia CD haina. Jirani wa dada nilipomwuliza kama ana deki akanikabidhi ndoo na tambara, akidhani nimekuja kumsaidia kusafisha sakafu. Deki mjini hapa ina maana mbili, na ile ya CD sasa inaelekea kusahaulika. Ilibidi ninunue.

Duka la kwanza lilikuwa la simu, Kimara, pale karibu na kituo. Muuzaji akatoa draivu ndogo ya nje ya kusomea CD, ya kuchomeka kwenye USB, nyembamba, nyepesi, inang'aa. Nikamwuliza kama ni ya uhakika.

"Mama, hii haikosei," akasema. "Inasahihisha makosa yenyewe."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Mie ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, kusahihisha ndiyo maisha yangu, nasahihisha mpaka risiti za dukani. Nikaona nimepata mwalimu mwenzangu. Nikaibeba kwa heshima mpaka nyumbani, nikaweka CD, nikanakili wimbo wa nne kwenye kompyuta, nikaufungua mama akiwa jikoni asisikie. Hata mimi nimechoka. Safi kabisa, kama zamani.

Nikasema labda haijazoea. Nikanakili mara ya pili, nikasikiliza tena. Safari hii mama yangu aliimba, kwa sauti ileile tamu: hata mimi nimeoka.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Mama akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Ikabidi nimwambie.

"Mara nimechoka, mara nimeoka," akasema. Zamani mama aliuza skonzi, mtaa mzima walimjua kwa skonzi zake. "Kuoka ndiyo nilikuwa naoka kweli. Ila sikuwa naimba skonzi studio." Akarudi kwenye sufuria yake. Alikuwa anatabasamu, lakini alivyonipa mgongo niliona mabega yameshuka, na kicheko changu kikaisha.

Nikakaa na zile nakala mbili nikazifikiria kiualimu. Mtoto mmoja, swali lilelile, jibu la kwanza hivi na la pili vile. Huyo hajui, anabahatisha. Na mbaya zaidi hakuniambia kwamba hajui. Hakuacha nafasi wazi, hakuweka hata alama ya kuuliza, alijaza tu kwa kujiamini. Kumbe muuzaji na mie tulitumia neno moja kwa maana mbili. Mie nikisahihisha, naonyesha kosa liko wapi. Ile draivu kusahihisha kwake ni kufuta kosa, kuandika jibu lake na kurudisha daftari likiwa safi. Darasani kwangu mwalimu wa hivyo angeitwa ofisini. Zile nakala sikuzifuta, nikaziandika "nimechoka" na "nimeoka", ushahidi.

Nikaamua tatizo ni urahisi wa bei. Nikasema sasa naenda kwenye mashine ya maana. Mwenge kuna duka la vitu vya muziki vilivyotumika kutoka Ulaya, na humo nikakuta mashine ya CD nzito ya chuma, ina mbao ubavuni, na sahani yake inatoka taratibu kama mtu anayekupa mkono kwa heshima. Muuzaji alikuwa braza mmoja wa maneno laini. Hakusema "inasoma", alisema "inatafsiri". Nikamwambia, braza, sitaki kutafsiriwa, nataka kusomewa. Akacheka, akaweka CD yangu.

Niseme ukweli, sijawahi kusikia kinanda kile kikitoka vile. Watu wawili waliokuwa wanapita wakasimama mlangoni. Ubeti wa tatu ukafika, mama akaingia, na pale mahali penyewe sauti ikapita laini, bila kukatika, bila kukwaruza: hata mimi nimeeeoka.

"Umeona?" akasema braza. "Haina hata mkwaruzo."

"Neno liko wapi?"

"Neno gani tena, sista? Sikiliza besi."

"Pale ana silabi tano. Mashine yako imenipa nne. Moja imeenda wapi?"

Akanitazama kama mteja wa shida. Tukabishana. Mie nikibishana huwa napandisha sauti bila kujijua, ni mazoea ya kufundisha darasa la watoto wengi, na wale wawili wa mlangoni wakaingia kabisa ndani wafaidi. Akarudia wimbo. Nimeeeoka, palepale, laini vilevile. Hii ya kwake ilikuwa hatari kuliko ile ya Kimara, kwa sababu ilibuni kwa ustadi. Mtu asiyejua wimbo asingegundua lolote, angetikisa kichwa na kufurahi.

Mwishowe braza akaichomoa CD, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Dada, wewe hutaki muziki, wewe una kesi. Nenda nyuma ya wachongaji, kuna fundi wa kike pale, yeye ndiye anapokeaga kesi."

Alisema kwa dharau, lakini alinisaidia kuliko alivyokusudia.

Kibanda cha fundi kiko mgongoni mwa soko la vinyago. Ni mwanamke wa rika langu, mtu wa Mtwara, kaka zake wanachonga mpingo upande wa mbele na yeye anatengeneza spika za makanisa na misikiti upande wa nyuma. Kila baada ya muda anapuliza unga wa mpingo kutoka kwenye meza yake bila hata kuangalia. Nikamweleza kila kitu tangu rambo mpaka besi. Hakucheka. Akaichukua CD, akaigeuza kwenye mwanga, akainusa.

"Dawa ya meno?"

"Dada yangu."

"Na mnaifuta kwa kuzungusha."

"Kwa kanga."

"Mnaifuta kama mnapiga deki," akasema. "CD inafutwa kutoka katikati kwenda nje, mstari mnyoofu. Ukizungusha, mkwaruzo unafuata njia ya wimbo, unalala juu ya neno zima. Ukienda mnyoofu unakata njia tu, mashine inaruka inapita." Akaiosha kwa maji na tone la sabuni, polepole, akaikausha kwa kitambaa cha miwani, mnyoofu, mnyoofu. Nilimwonea dada huruma na nikapanga kumsema.

Halafu akanieleza jambo ambalo wauzaji wote wawili hawakuniambia. Kuna mashine ya kusikiliza na kuna mashine ya kunakili. Ya kusikiliza haina muda, wimbo unakwenda na watu wanangoja, ikikuta pengo inaliziba na kusonga mbele, na kadiri ilivyo nzuri ndivyo inavyoziba kwa uzuri. Hiyo si kosa lake, ndiyo kazi iliyotengenezewa. Mie nilichotaka ni draivu itakayofika pale, isimame, irudie, irudie tena, na isipoona iseme sijaona. "Na haionekani kwa umbo," akasema. "Lazima uipe mtihani."

Hapo nikavuta stuli nikakaa. Mtihani ni lugha yangu.

Alikuwa na draivu nne kubwa zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi zilizokufa. Akachukua CD yake ya majaribio, ambayo nakala yake kamili anayo, akaichora mstari mwembamba mweusi kwa kalamu ya kuandikia magunia. Kila draivu ingeinakili mara mbili, kisha programu ingelinganisha nakala hizo zenyewe kwa zenyewe na ile ya kweli. Ya kwanza ilimaliza upesi, haikuripoti kosa hata moja, na nakala zake mbili hazikufanana. Nikamjua mtoto huyo, ninaye darasani, anakaa dirishani. Ya pili ilifika kwenye mstari mweusi ikaganda mpaka ikachomolewa. Ya tatu ilikuwa na sura mbaya, plastiki imegeuka njano, na ilipofika kwenye mstari ilinguruma, ikapunguza mwendo, ikarudi nyuma, ikanguruma tena. Ilichukua muda mrefu. Mwisho nakala zake mbili zilifanana kabisa, na sehemu mbili ndogo ambazo haikuziweza ilizitaja kwa wino mwekundu, dakika na sekunde.

"Huyu mpe alama," nikasema.

"Ya nne hatuijaribu?"

"Inafanya kazi?"

"Hapana, ni ya vipuri."

Basi tukachagua ya njano. Fundi akaweka CD yetu ndani, lakini kabla hajabonyeza akanigeukia.

"Naweza kukurahisishia. Umesema ubeti wa kwanza anaimba neno hilohilo, na pale CD ni nzima. Nalikata, nalibandika kwenye ubeti wa tatu. Nusu saa. Hakuna atakayejua."

Nilitamani, sitadanganya. Sherehe ilikuwa imebakiza juma moja na siku moja. Nilimfikiria mama akichezesha midomo kanisani, nikafikiria jinsi ingekuwa rahisi kumletea neno lake likiwa limenyooka. Na nilikuwa naogopa jambo jingine ambalo sikuwa nimelisema kwa sauti: je, kama mashine hii ya ukweli itasema nimechoka? Kama miaka yote sie ndio tulikuwa sahihi? Ningerudi nyumbani na nini?

Lakini mie jibu la kubandika nalijua hata likiwa la mtoto mwenye akili. Na mama angelijua kabla yangu, sauti ni ya kwake. "Hapana," nikasema. "Isome ilivyo."

Ikaanza. Nyimbo tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Ya nne ilipofika ubeti wa tatu ile draivu ya njano ikanguruma mpaka meza ikatetemeka. Inasimama, inarudi, inasimama, inarudi. Tukanywa chai. Tukala mihogo ya kuchoma. Nikamwuliza fundi alijifunzaje kazi hii, akasema kwa kuharibu. Wachongaji wakafunga vibanda vyao wakaondoka, na yenyewe bado iko kwenye sekunde ileile inarudia. Nikaanza kuipenda, kusema kweli. Sijawahi kuwa na mwanafunzi wa hivyo.

Mwishowe ikapita. Fundi akasoma ripoti mara mbili. "Hakuna wekundu," akasema. "Kilichomo humu ndicho kilichomo kwenye CD yenu." Akanipa spika za masikioni.

Nilizishika, nikaziweka mezani. Nikamwambia hapana, mwenye neno asikie kwanza. Akaniwekea kwenye flashi, nikaondoka nayo ndani ya pochi, nimeibana kwapani mpaka Kimara.

Jumapili baada ya ibada dada akaja kutoka Wazo, tukakaa sebuleni, watatu tu. Mama hakuvua nguo za kanisani. Alikaa wima ukingoni mwa kochi, mikono juu ya magoti, namna mtu anavyokaa kwa daktari kungoja majibu. Nikaweka flashi kwenye kompyuta. Kwa haraka nikabonyeza kitu kingine, dada akanisonya.

Kinanda kikaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili, kwaya ikanyamaza. Kabla hajaimba tukasikia kitu ambacho hatujawahi kukisikia miaka yote: mama akivuta pumzi. Pumzi ndefu. Halafu akasema, silabi zote tano, kila moja mahali pake: hata mimi nimeokoka.

Wimbo ukaendelea mpaka mwisho. Kumbe ile "ch" haikuwahi kuwa ya mama. Ilikuwa mkwaruzo wa rambo.

"Mama," dada akasema, "nisamehe."

"Rudisha," mama akaniambia.

Nikarudisha. Akasikiliza tena amefumba macho, midomo yake ikifuatisha. Ilipopita pale akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama anayepokea kitu chake kilichopotea. "Mmenisikia sasa," akasema.

"Tumekusikia, mama."

"Wapelekeeni kanisani. Hiyo naitaka isikike."

Nilidhani yameisha hapo. Nilikuwa na furaha ya kupitiliza, nimeanza hata kumsimulia habari za draivu ya njano na braza wa besi, ndipo mama akasema taratibu, hatuangalii sie, anaiangalia kompyuta:

"Ila siku ile nilikuwa nimechoka jamani."

Nikaacha habari za draivu, nikamgeukia.

"Niliamka saa tisa usiku kuoka. Nikapeleka skonzi madukani, nikaenda Mwenge. Ubeti ule tuliurudia tangu asubuhi, mara kinanda, mara watu wa sauti ya pili, mimi nimesimama tu. Kichwani nawaza nguo zenu za shule nimeziacha kwenye beseni, kesho mtavaa nini. Nikavuta pumzi nikasema, Bwana, niimbe hili moja niende nyumbani." Akajifuta chini ya jicho kwa kidole, bila haraka. "Mlipoanza kuimba nimechoka humu ndani, nikashtuka. Nikasema, imesikikaje na mimi sikuitamka?"

Naikumbuka siku ile. Naikumbuka kwa chipsi mayai. Mama alichelewa kurudi, baba akatununulia chipsi, tukala tukafurahi, tukalala. Nilikuwa kidato cha tatu, mikono yangu mizima, nililiona lile beseni nikaliruka. Asubuhi sare ilikuwa imefuliwa na kunyooshwa, sikuuliza na nani. Na tangu mwaka ule nimemwimbia neno lile usoni mara ngapi sijui, kila nilipojisikia kuchoka mie, na sikuwahi hata siku moja kugeuza na kumwuliza yeye: mama, umechoka? Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

"Pole, mama," nikasema. Neno dogo, na limechelewa kupita kiasi, lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Asante," akasema. Aliipokea kabisa, hakuniambia usijali.

Kisha akauliza, "Ile ya kwanza, ya ile mashine ya Kimara, uliifuta?"

"Ipo. Zote mbili zipo, nilizihifadhi. Nazifuta leo hii."

"Usifute." Akaingiza mkono kwenye mkoba wake wa kanisani, akatoa simu yake ndogo, akanipa. "Ya kanisani ni hii ya leo. Ile ya nimechoka niwekee humu, niwe nasikiliza mwenyewe."

Nikamwekea. Dada alikuwa ameshatoka uani, namsikia anafungua bomba, anatafuta beseni.